Wageni Milioni Mia Mbili wa Mama Auleria

Tangazo kwa wananchi wote: kuanzia Jumatatu, mgeni yeyote atakayelala kijijini kwetu, awe mtu au chembe ya mtu, lazima aandikwe kwenye daftari la wageni la kitongoji. Asiyeandikwa hatapewa barua, wala hatasaini barua ya mwenzake.

Tangazo hilo niliandika mimi, mtendaji wa kijiji hapa Ngara, kwa sababu za kisayansi. Nina miaka hamsini na moja, nasoma masomo ya jioni, na wiki hiyo tulikuwa tumefika sura ya seli.

Mama Auleria, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa na saratani ya damu. Hospitali moja ya Dar ilikubali kumwingiza kwenye majaribio: wachukue seli shina za dada yake, wazirekebishe maabarani ziweze kuitambua saratani na kuiua, kisha wampandikizie. Alitakiwa kufika Ijumaa na barua ya utambulisho kutoka kijijini, ambayo kwa kawaida naiandika mimi. Akichelewa, kitanda anapewa mwingine.

Nikaunda kamati. Tulifungua kikao kwa rozari nzima, maana jambo lilikuwa zito.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Barua iko wapi? Kesho alfajiri natakiwa niwe Nyakanazi, nipande basi."

"Wageni wako ni wangapi?"

"Daktari kasema kama milioni mia mbili."

Thobias, katibu wa kamati, akahesabu mistari ya daftari. "Hawatatosha humu."

"Wanatoka wapi?" niliuliza.

"Kwa dada yangu Marsiana, Biharamulo."

"Huku ni mpakani, mama. Nipe majina yao."

"Mtendaji, hizo ni seli!"

"Nazijua. Zimefundishwa ukubwani, kama mimi."

"Ila zenyewe zimeelewa."

Kamati ilicheka. Niliagiza kicheko kisiingie kwenye muhtasari.

Mama Auleria akalivuta daftari, akafunua kurasa polepole. "Wewe ulihamia hapa kutoka Nyamahanga lini?"

"Mwaka wa tisa huu."

"Mbona humu hujaandikwa? Hebu soma tangazo lako."

Nililisoma mara mbili, kwa sauti. Lilikuwa limeandikwa vizuri sana.

"Basi niandike, mama."

"Nitakuandika nikirudi." Akalifunga daftari. "Nikirudi."

Akaandika barua yake mwenyewe, akaigonga mhuri wa kitongoji, akaondoka na daftari kwapani.

Kwa miezi saba sikusaini kitu. Wananchi hawakulalamika, barua zao zilisainiwa na mwenyekiti wa kijiji, na zilitoka siku hiyohiyo. Kila jioni, kabla ya darasa, nilimwombea Mama Auleria apone. Mwanzoni nilikuwa naiombea saini yangu, Mungu anajua. Baadaye nikaanza kuisahau saini.

Alirudi Jumapili, amekonda, kichwani hana unywele, anacheka. Nje ya kanisa alifungua daftari juu ya goti, akaandika mbele yangu:

"Seli za Marsiana, milioni mia mbili. Kazi yao: kuua saratani. Wanaifanya."

Na chini yake:

"Mtendaji, mmoja. Kazi yake: haijulikani."