Q ni Likizo

Jumatatu, 3 Februari 1975
Nafasi moja ya masomo ya uhazili, mji wa Sofia huko Ulaya, miezi tisa! Wapiga taipu tuko wawili tu, mimi na Theopista. Mkuu wetu, Ndugu Zahoro, ataamua Jumatatu ijayo. Nimepita Mtaa wa Kongo kuulizia koti la sufu. Muuzaji akaniuliza kama naumwa malaria. Mshamba.

Jumanne, 4 Februari
Mbinu nimepata. Kitabu cha Kanuni za Shirika kina kurasa mia mbili. Ndugu Zahoro akitafuta fungu moja, chai inapoa. Nabandika kikaratasi chenye herufi pembeni mwa kila sura. Shika herufi, fungua, umefika! Herufi nimezichagua kufuata vidole vyangu kwenye mashine. Nidhamu ni J, kidole cha shahada kinalala hapo. Mazishi ni L. Likizo ni Q. Hiyo Q imekaa bure kwenye mashine tangu Uhuru; nayo ifanye kazi, nchi inajengwa. Theopista akauliza kwa nini Likizo isiwe L. Masikini, hana upeo. Orodha ya herufi ninayo kichwani tu. Makusudi! Waone watakavyoishi bila mimi.

Alhamisi, 6 Februari
Kikao cha kamati. Ndugu Zahoro alitaka kusoma Likizo ya Uzazi. Akashika L, akasoma kwa sauti habari za sanda na mbao za jeneza. Mama Hyasinta wa stoo, mimba ya miezi minane, akaangua kilio. Nikaruka: Q! Sekunde mbili. Makofi! Ndugu Zahoro akasema bila mimi, Ndugu Bakili, ofisi ingezama kama Jangwani wakati wa masika. Theopista anachapa barua zake. Pole, dada. Jioni nikachukua koti.

Jumatatu, 10 Februari
Anakwenda Theopista. Theopista! Ndugu Zahoro kanieleza kwa upole kabisa: yeye anaweza kukosekana miezi tisa, mimi hata siku moja siwezi. Nitakaa nyuma yake kila kikao, nimfungulie mafungu. Likizo yangu ya Machi nayo imefutwa. Halafu Theopista akaja, shikamoo nyingi, kuazima koti langu. Nimempa. Nimelia chooni, sifichi.

Lakini kosa nimeliona. Herufi zilikuwa rahisi mno. Kesho nazibandua zote, naweka tarakimu, tena kinyumenyume. Hapo ndipo watajua umuhimu wangu, na mwakani Sofia watanipeleka wenyewe.