Harusi Katikati ya Mirunda

Jumatatu, tarehe 4

Zege la juu limemwagwa! Nyumba yangu sasa ni ghorofa. Huko juu bado hakuna kuta wala paa, lakini ngazi ipo, na ukiipanda unafika. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana nini? Nyumba ya chini tu, vigae mpaka ukutani. Ndiyo maana kimoyomoyo namwita Vigae.

Binti yangu anaolewa Jumamosi. Tangu akiwa mdogo, tukihamahama nyumba za kupanga, nilimwahidi kwamba siku ya kuolewa atatokea nyumbani kwa baba yake, kwenye chumba chake mwenyewe. Leo nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pale sebule itakapokuwa, nikafumba macho. Mapazia yalikuwa yanapepea. Niliyasikia kabisa.

Nilipofumbua nikaona mirunda, ile miti inayoshikilia zege lisije kutuangukia. Imejaa sebule nzima. Fundi anasema haitoki mpaka zege likomae, na Jumamosi litakuwa bado. Akaniuliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia hayo ni ya kesho.

Jumanne, tarehe 5

Vigae amekuja. Eti anapita tu. Mtu anayepita tu anavaa miwani? Akaingiza shingo mirundani, akauliza kama tunaozesha binti au tunafuga mbuzi. Kisha akamwambia dada yake, kwa sauti ya huruma, kwamba sebule yake ni kubwa na iko wazi. Mke wangu akanitazama. Jicho lile nalijua. Amenipa mpaka Alhamisi: nisipopata nafasi ya watu kukaa, harusi inahamia kwa kaka yake.

Kwa Vigae! Mwanangu atokee mlangoni kwa Vigae! Thubutu.

Jumatano, tarehe 6

Akili ni mali. Mirunda yote hii, mmoja ukitoka nani atajua? Nikavizia fundi akiwa juu anamwagilia zege, nikachukua nyundo, nikachagua mmoja wa katikati, mwembamba, usio na makuu. Nikagonga mara moja. Dari ikasema kitu. Sikuelewa ilisema nini, ila niliambiwa mimi.

Fundi alishuka kama anafukuzwa na nyuki, akaninyang'anya nyundo, akauliza kama nataka kumwozesha binti au kumzika. Nikajitetea kwamba nilikuwa naua mchwa. Mke wangu akataka kujua ni mchwa gani huyo anayeuawa kwa nyundo. Nyundo sasa iko kwake.

Alhamisi, tarehe 7

Binti amekuja. Akapita katikati ya mirunda akiigusa mmoja mmoja, kisha akaniuliza kiko wapi kile chumba nilichokuwa namwahidi. Nikamwonyesha juu kwa kidole. Tukapanda. Hakukuwa na kitu ila maji ya fundi yametuama, na mawingu ndani yake. Nikamwambia hapa kitanda, hapa dirisha, asubuhi jua litaingia hivi. Alinisikiliza kama enzi zile. Machozi yakanitoka, nikasingizia saruji.

Akasema akitokea kwa mjomba ataolewa vizuri tu, ila hatakuwa ametokea kwetu. Akashuka, akamwambia mama yake anataka hapa hapa, hata kama wageni watachunguliana.

Na mimi nikapata wazo. Tusiyoweza kuiondoa, tutaivika!

Ijumaa, tarehe 8

Shuka zetu zote, na za majirani. Kila mrunda umevikwa, umefungwa utepe. Mmoja umepata shuka la mdogo wake bibi harusi lenye bata, tumeligeuzia ukutani. Upepo uliingia kwenye madirisha yasiyo na madirisha, nguo nyeupe zote zikapumua pamoja. Nilisimama pale mpaka nikaitwa chakula mara ya tatu. Fundi akanikumbusha kwamba kesho lazima amwagilie zege, iwe harusi isiwe harusi. Nikamwambia hayo ni ya kesho.

Jumamosi, tarehe 9

Nianzie wapi? Mama wa bwana harusi alikumbatia mrunda akidhani ni shangazi wa bibi harusi. Mpiga picha alizunguka mpaka akapotea. Lakini watu walikaa, wakasema pazuri! Vigae alikuja na suti mpya. Binti alikuwa anasubiri juu, kwenye chumba chake.

Kisha fundi akafungua mpira wa maji. Wa kumkataza nilikuwa mimi, na sikumkataza. Maji yakapenya kwenye mbao za dari, tone, tone, yakamchagua Vigae. Akahama kiti, yakamfuata. Akakwepa, akajigonga paji la uso kwenye bata. Wageni wakaanza kuinuka. Upande wa bwana harusi wakawa wanatafuta mikoba yao, na mke wangu akafumba macho. Nikajua basi, tunahamia kwenye vigae.

Hapo binti akashuka ngazi. Viatu mkononi, pindo la gauni limelowa, anacheka. Alishuka kutoka mbinguni, maana juu ya ngazi ile hakuna kingine. Watu wakarudi kukaa, maji yakiwadondokea. Hata Vigae alipiga makofi.

Alinijia mimi kwanza. Akaninong'oneza kwamba sasa ametokea kwetu, imetosha, niezeke paa nipumzike, nisiongeze hata tofali moja. Nikaapa. Nikalia mbele za watu, na saruji sikuisingizia.

Jumapili, tarehe 10

Nimepanda juu peke yangu. Kumbe jana akisubiri alichora chumba chake sakafuni kwa chaki ya fundi: kitanda, mlango, dirisha upande wa jua. Fundi alimwagilia kote akimkwepa, lakini leo maji yameshakula nusu ya kitanda.

Nikaokota chaki, nikachora upya. Kitanda. Dirisha. Nikakipanua kidogo, maana sasa watakuwa wawili. Nikaongeza roshani. Halafu ngazi nyingine ya kwenda juu zaidi, kwa sababu mdogo wake naye anakua.

Fundi akaja na mpira wake, akatazama mchoro, akauliza roshani hiyo itashikiliwa na nini.

Nikamwambia hayo ni ya kesho. Ila mirunda asiipeleke mbali.