Mfalme wa Lami na Alama Ishirini na Tisa

Habari ilifika kijiwe cha bodaboda pale Nyamuswa kabla chai ya Marcelina haijachemka: Madam Consolata, mwalimu mpya wa hesabu wa sekondari, anataka majina ya wanafunzi yaandikwe kwenye raba za nyuma za pikipiki, zile za kuzuia matope. Tena si ya walioongoza darasa. Ni ya waliopanda alama kuliko walivyokuwa.

"Na keshaanza!" alisema Nicolaus, ambaye kijiwe kizima kinamwita Profesa kwa kuwa hakuna jambo asilolijua. "Raba ya dereva mwenzenu Yakobo nimeiona kwa macho yangu haya. Imeandikwa Fredy, arobaini hadi sitini na mbili."

"Mimi je, nimepangiwa nani?" aliuliza Silasi.

Marcelina, aliyeachiwa orodha ya majina na Madam, alijifanya anakoroga sukari. "Wewe una Boke. Nne hadi ishirini na tisa."

"Ya ngapi?"

"Ya mia, mura."

Kijiwe kilishika mbavu.

"Mungu wangu! Yakobo anayepitwaga na punda apewe sitini na mbili, halafu mimi nibebe F?"

Jamani, mwoneeni huruma. Huyu Silasi ndiye yule wanayemwita Ndege. Raba yake imeandikwa MFALME WA LAMI kwa rangi nyekundu, na tangu anunue pikipiki hajapitwa na mtu kati ya Nyamuswa na Bunda. Heshima yake yote ilikuwa kwenye ile raba, na sasa anaambiwa aifute!

"Abiria watasema umefeli wewe," Profesa alichochea. "Enzi zetu mtoto akipata nne anasomwa paredi, shule nzima inamcheka. Hiyo ndiyo motisha!"

"Wewe ulipataga ngapi?" aliuliza Marcelina.

"Mimi... siku ya mtihani nilikuwaga naumwa."

"Miaka minne yote?"

Walicheka mpaka chai ikamwagika. Silasi peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Mimi walinisoma," alisema. "Kidato cha pili. Nilitoka kwenye tatu nikapata ishirini na moja. Wiki nzima nilisoma na kibatari, bhana, pua imejaa masizi. Nikajua leo mwalimu atanisifu. Akasema, Silasi, ishirini na moja, simama wakuone. Wakacheka wote. Nikatoka getini, sikurudi tena. Mpaka leo inaniuma."

Profesa aliangalia ndani ya kikombe chake, na kikombe chenyewe kilikuwa kitupu.

Hapo hapo Madam Consolata akatokea, kopo la rangi nyeupe mkono mmoja, brashi mkono mwingine, uso umejiandaa kwa ugomvi.

"Shikamoo Madam," kijiwe kilisema, hata Profesa aliyemzidi miaka kumi.

"Marahaba. Kaka Silasi, nasikia unagoma. Nisikilize kwanza. Boke aliniambia anaacha shule. Nikamwambia subiri Jumatatu, utaona jina lako barabarani. Sasa kama..."

"Andika, Madam."

"Nifute ufalme?"

"Futa. Na hiyo nne iandike kubwa, watu wajue katokea wapi."

Madam alichuchumaa, akaanza kazi. Profesa alikohoa.

"Samahani, Madam. Mimi sina pikipiki, ila nina koti. Mgongoni pana nafasi."

Rangi ilipokauka, Profesa mwenyewe ndiye aliyekuwa abiria wa kwanza, anawahi basi Bunda. Walipita sokoni, wakapita kanisani, na pikipiki inakwenda mwendo wa bi harusi. Nyuma yao ikalia honi. Yakobo huyo, akawapita huku anapunga mkono.

"Ndege, una nini leo?" Profesa alipiga kelele. "Kanyaga bwana, basi linaniacha!"

"Liache liende," alisema Silasi. "Nikikimbia, watu watamsomaje Boke?"