Kibali cha Kisima cha Awoi

Jumatatu, 20 Januari 2025

Nimeamka na wazo. Chai imepoa nikiwa naliwaza.

Kwa miaka kumi na miwili nilikuwa tarishi wa ofisi moja Lodwar, nikibeba bahasha za vibali vya watu wengine. Kibali cha kisima, kibali cha bwawa, kibali cha bomba. Mtu anaingia na jasho, anatoka na karatasi, na kuanzia siku hiyo anaitwa mheshimiwa. Mimi, Aukot, niliitwa "wewe hapo". Sasa nimerudi nyumbani Kakuma na mbuzi saba na kalamu nne.

Kwenye laga ya Tarach, mto wa mchanga usio na maji ila mvua ikinyesha, dada yangu Awoi ana kisima. Alikichimba mchangani kwa mikono yake. Kila mafuriko yakipita yanakifukia, naye anakichimba upya na kukizungushia miiba. Kwa desturi yetu aliyechimba ndiye mwenyewe, mwingine huomba. Familia kumi na mbili zinakunywa hapo na hakuna asiyejua ni cha nani.

Lakini sheria haijui! Sheria inasema maji yote ni ya serikali, na anayetaka kuyavuta kwa pampu na kufanyia biashara sharti awe na kibali. Nimeulizia kwa siri. Kisima cha Awoi hakijaombewa kibali na mtu yeyote. Miaka yote hii kimekaa wazi kama sufuria isiyo na kifuniko.

Nitakiombea mimi.

Alhamisi, 23 Januari

Fomu imejazwa. Tumeijazia kwenye kambi ya wakimbizi, kwa rafiki yangu Dhieu, mtu wa Sudan Kusini anayefyatua matofali. Dhieu ana pampu chini ya kitanda ambayo haijawahi kuona maji. Mpango ni huu: kibali changu, pampu yake, matofali yetu.

Swali la nne lilituchelewesha. Unahitaji maji kiasi gani kwa siku? Kisima cha Awoi kinatoa mitungi arobaini, halafu lazima kipumzike. Dhieu akasema, "Andika kidogo tu, Aukot. Kidogo haina maneno." Ilibidi nimweleze ofisi zinavyofanya kazi. Ukiomba ngamia unapewa mbuzi, ukiomba mbuzi unapewa kalenda. Nikaandika mita za ujazo sitini, yaani lita elfu sitini kwa siku. Zilipendeza sana kwenye mstari.

Mwenye ardhi: jamii. Mimi pia ni jamii, nikatia sahihi.

Dhieu akauliza jina la dada yangu liko wapi. Nikamwambia Awoi atachota bure maisha yake yote, kama mgeni wangu. Akalirudia neno mgeni mara mbili, kisha akaenda kugeuza matofali yake. Wafanyabiashara hawana subira na mambo ya sheria.

Jumanne, 28 Januari. Lodwar

Nimewasilisha. Afisa wa vibali ni dada mmoja kijana, Madam Namuar. Aliisoma fomu yote, jambo ambalo sikulitarajia. Akauliza kama ni sitini kweli. Nikasema sitini. Akaviangalia viatu vyangu, sijui kwa nini.

Kumbe fomu haitoshi. Tangazo lazima libandikwe siku thelathini kwenye ofisi ya chifu, ili mwenye pingamizi asikilizwe. Halafu yeye mwenyewe atakuja kupima. Akanipa tangazo lenye muhuri. Linasema Aukot wa Kakuma, laga ya Tarach, anaomba kutumia lita elfu sitini kwa siku. Chini yake: mtu yeyote anayeguswa na maji haya afike asikilizwe.

Hapa pana tatizo. Mlango wa chifu wetu unatazamana na kivuli ambapo Awoi na wenzake huketi kila asubuhi wakisuka vikapu. Yeye hasomi, lakini wajukuu wake wanasoma kila kitu, hata maandishi ya magunia.

Nimeyarudia maagizo mara tatu. Yanasema "ofisi ya chifu". Hayasemi chifu gani.

Ijumaa, 31 Januari. Nakalale

Nimefika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kutoka kwetu mpaka hapa ni siku mbili kwa miguu. Nani wa huku atajali kisima cha Kakuma?

Nimebandika tangazo kwa pini nne. Wafugaji wengi walikuwa wamekaa nje kimya, wanyama wao wamekonda hadi unaweza kuhesabu mbavu ukiwa mbali. Karani wa chifu, Asekon, akanisalimu ejok, akalisoma tangazo, akalisoma tena. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili na kunishukuru kwa kuleta habari.

Sijawahi kushukuriwa kwa sababu ya tangazo la kisheria. Watu wa Nakalale ni waungwana.

Jumanne, 11 Februari

Jua halina huruma. Siku kumi na moja zimepita na pingamizi hakuna.

Maji ya Awoi yameshuka. Sasa wanawake wanne wanasimama ndani ya kisima, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo huku wakiimba. Awoi ndiye wa chini kabisa, na ana miaka sitini. Aliniita nishuke nisaidie kuchimba. Nikamkumbusha habari ya mgongo wangu, ulioharibiwa na mafaili. Akasema pole.

Jioni akaniletea mtungi mlangoni, kama kila siku. Nilitaka kumwambia jambo. Nikamwambia asante.

Jumapili, 16 Februari

Balaa.

Tulipotoka kanisani tuliona vumbi upande wa kaskazini. Nikadhani ni upepo. Kisha vumbi likaota shingo. Ngamia.

Mbele alikuwa mzee Lochakapong wa Nakalale, fimbo mabegani. Akaulizia Aukot, akaonyeshwa, akaja moja kwa moja. Akatoa ndani ya shuka yake tangazo langu, pini zikiwa bado zimo.

"Ejok, Aukot," akasema. "Karatasi yako imesomwa barazani. Imesema anayeguswa na maji afike. Sisi yametugusa. Tumefika."

Nikamweleza kwa upole kwamba maana yake ni kuleta pingamizi. Akasema hawana pingamizi lolote, wamefurahi sana.

Ngamia sitini. Mbuzi hawahesabiki. Watu kama themanini, wengine wamebeba watoto kwa siku mbili. Lochakapong akaniombea mbele ya umati, Mungu anipe maisha marefu kwa kuwa sikuficha maji wakati wa kiangazi. Watu wakaitikia. Hata mchungaji wa kanisa letu akaitikia! Nilitamani mchanga unimeze. Alipomaliza akauliza kwa heshima lita elfu sitini ziko upande gani.

Jumatatu, 17 Februari

Kisima kimekauka kabla ya saa sita. Wanawake wa familia kumi na mbili wamerudi nyumbani na mitungi mitupu. Bi Abei wa jirani, mwenye mtoto mchanga, alikaa juu ya mtungi wake. Nilipita njia nyingine.

Awoi akataka kujua habari ya elfu sitini imetoka wapi. Lochakapong akampa karatasi. Yeye akampa Dhieu, aliyekuwa amekuja kunipa pole kwa wakati mbaya kabisa. Nikamkonyeza Dhieu. Nikamkonyeza tena. Dhieu ni Mkristo wa kweli, akasoma kila neno.

Awoi alisikiliza hadi mwisho. Akauliza jina lake limeandikwa mstari gani. Dhieu akasema halipo. Akamwomba asome tena, pengine limempita. Dhieu akasoma tena. Halipo.

Dada yangu alinitazama kidogo tu. Akajifunga nguo kiunoni na kushuka kisimani. Afadhali angenipiga. Mwaka mbuzi wote wa baba walipokufa, mimi mdogo, ni yeye aliyekuwa ananipa maji kwanza na kusema amekwisha kunywa. Nimejua siku nyingi kwamba hakuwa amekunywa.

Leo hakuna mtungi mlangoni.

Jumatano, 19 Februari

Awoi ameamua. Wazee wa hapa walitaka wageni warudi walikotoka. Akasema mtu aliyeitwa kwenye maji hafukuzwi, hata kama aliyemwita ni mjinga. Lakini kila anayetaka kunywesha atachimba. Watu wa Nakalale hawakubishana, hiyo ndiyo desturi yao pia. Wamefungua visima sita vipya upande wa juu wa laga, na cha Awoi kimeongezwa kina. Maji yapo. Ni kidogo, na yako chini sana.

Mbuzi wangu saba walisimama kwenye ua wa miiba wakilia. Lochakapong akaniuliza, kwa nia njema kabisa, kisima changu ni kipi, ili anichotee kwanza kama mwenyeji. Sikuwa na pa kuonyesha kidole. Nikavua shati, nikashuka kwa Awoi.

Kule chini kuna baridi, na mbingu ni ndogo kama sahani. Alinipa bakuli la kuzolea mchanga. Nimechimba hadi jua likapita utosini. Mgongo haukuuma hata kidogo, nami nimeuchukia.

Mbuzi wamekunywa. Nilipotoka, Awoi alisema neno moja tu, kwamba nina mchanga sikioni.

Ijumaa, 21 Februari

Madam Namuar amekuja kabla ya siku yake. Anasema huko Lodwar mjini watu wanazungumza habari ya kisima cha ajabu cha Kakuma, akaona asisubiri.

Alipima kina, akapima maji yanavyorudi, akahesabu mitungi na wanyama. Kisha akaketi chini na watu na kueleza, Asekon, yule karani aliyefuatana na watu wa Nakalale, akiwatafsiria wazee. Maji ya kunywa watu na mifugo wao, yanayochotwa kwa mkono, huja kwanza, na hayo hayaombewi kibali. Awoi hajawahi kukosa karatasi. Karatasi inatafutwa na mwenye pampu, naye anagawiwa kinachobaki. Akageuza daftari lake nione kinachobaki. Sifuri.

Tena akasema kibali hakimpi mtu maji. Kinampa ruhusa ya kuyatumia kwa miaka iliyoandikwa, na kiangazi kikibana ruhusa hupunguzwa. Nikauliza kama inaweza pia kuongezwa. Akasema kwa wenye vibali kuna fomu ya mabadiliko. Nikalikariri hilo.

Akauliza tangazo lilibandikwa wapi. Nikamwambia. Akafumba macho kwa muda. Ofisi ya chifu wa mahali penye maji, akasema, ndiyo hiyo peke yake. Kwa hiyo hata siku zangu thelathini hazikuwahi kuanza.

Bado akaandika pingamizi la Awoi, kwa sababu Awoi alilitaka liandikwe. Dada yangu alitia kidole gumba kwenye wino na kukibonyeza taratibu, mbele yangu, dhidi yangu. Halafu akaniomba kitambaa afute kidole, nikampa.

Mwisho Madam akashauri waunde chama cha watumiaji maji, ili siku nyingine akija mtu na pampu, chama kisikilizwe kwanza. Wakamchagua Awoi mwenyekiti. Akahitajika mtu wa kupeleka karatasi Lodwar. Watu wakatazama chini. Awoi akasema apelekwe Aukot, barabara anaijua, na kazi hiyo aliifanya miaka kumi na miwili bila kupoteza bahasha hata moja.

Sikujua kama alikuwa anazihesabu. Nimelia kidogo nyuma ya ngamia.

Jumapili, 2 Machi

Mvua imenyesha kaskazini. Lochakapong amenibariki tena, akaondoka na watu wake. Wamenichinjia mbuzi! Mtungi umerudi mlangoni kwangu. Awoi anasema maji ni yangu sasa, nimeyachimba.

Nimeapa mbele ya mtungi huo. Sitagusa tena kisima cha dada yangu kwa karatasi wala kwa kalamu.

Alhamisi, 6 Machi. Lorugum

Nimetimiza kiapo. Karatasi za chama nimezikabidhi Lodwar jana, zote, zimepigwa muhuri. Madam Namuar akasema vizuri sana, mzee. Mzee!

Lakini nikiwa kwenye foleni nilifikiri. Watu wa Nakalale wameacha visima sita. Vimekwisha kuchimbwa, na waliovichimba wamehama. Si vya Awoi. Si vya mtu. Nami ninajua sasa nilipokosea mara ya kwanza: niliandika maji mengi mno. Mtu lazima ajifunze. Safari hii nimeandika mita za ujazo thelathini tu, na fomu nimeipeleka dirisha la pili, si kwa Madam Namuar, nikapewa tangazo hapo hapo.

Pingamizi la chama ndilo lingekuwa tatizo, hasa mwenyekiti wake. Kwa hiyo tangazo nimelileta huku Lorugum, mbali kabisa na Nakalale. Najua, chifu wa mahali penye maji. Baadaye nitalihamisha kwetu, kwanza lipate kukaa siku kadhaa mahali tulivu. Hapa hakuna anayenijua. Ngamia nimewaona wachache tu, labda wengine wako malishoni.

Mvua ya kaskazini haikufika huku. Watu wamekaa nje ya ofisi, kimya. Karani alilisoma tangazo, akalisoma tena. Mtu mwema sana. Amenishika mkono kwa mikono yake miwili.