Tabitha Hakupigwa na Radi

Jumatano, 5 Novemba

Nimetazama. Ninaogopa.

Msimu wa kumi na mbili wa "Boma la Masebo", uliotangazwa kuwa wa mwisho, umebakiza vipindi viwili, na kila kinachotoka ni kibaya kuliko kilichotangulia. Mzee Masebo amebadilishwa mwigizaji. Huyu mpya ni mfupi kwa shubiri mbili nzima. Hakuna aliyeshtuka pale bomani. Hata mkewe! Mtoto aliyepotea sokoni msimu wa tisa hatajwi tena. Nadhani mama yake naye amemsahau. Sanduku lililofungwa kwa kufuli tangu msimu wa kwanza bado limefungwa. Dakika sita zimetumika kuonyesha gari likiegeshwa.

Haya ningeyavumilia kama ningekuwa mtazamaji wa kawaida. Mimi si wa kawaida. Kipindi hutoka Jumatano saa kumi na mbili jioni, wakati wenzangu wa kempu yetu, kambi ya wafanyakazi hapa Al Qusais, Dubai, wako zamu: hawa lindoni, hawa hotelini, hawa juu ya majukwaa ya ujenzi. Mimi, mtunza ghala la vipuri vya magari huko Ras Al Khor, nimeshatoka kazini. Kwa hiyo, mwaka wa sita sasa, natazama kwa niaba ya umma, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana nasimama bwaloni, shati jeupe, nawasimulia watu arobaini. Huniita Mwalimu, kwa kuwa niliwahi kufundisha sekondari.

Tatizo ni kwamba umma huu haumlaumu mwandishi wa tamthilia. Unamlaumu msimulizi. Mjukuu wa Masebo alipokufa msimu wa kumi, Chacha, fundi mwashi wa kutoka Tarime, alivunja kiti cha plastiki, kisha akaniuliza kwa upole kwa nini nimemuua mtoto wa watu. Upole ule! Emiliana, mpishi wetu, alinipa shingo za kuku kwa majuma mawili.

Nimeamua. Jumapili Mzee Masebo atakuwa na kimo chake cha zamani. Ni rekebisho dogo, na halimdhuru mtu.

Jumapili, 9 Novemba

Simulizi limekwenda salama. Mzee mrefu. Gari nimeliegesha kwa sentensi moja. Nimefika pale Tabitha anapoazimia kwenda kumwomba radhi dada yake Leokadia, baada ya misimu saba ya kununiana.

Ndipo Emiliana aliposimama, upawa mkononi. Ametangaza mbele ya wote kwamba yeye na dada yake Rosina, aliyeko Bukoba, hawajasemezana mwaka wa saba huu kwa ajili ya cherehani ya marehemu mama yao. Tabitha na Leokadia wakipatana, naye atampigia Rosina siku hiyohiyo. Wasipopatana, khalas, wazikane bila kuonana. Ameapa kwa jina la mama yake.

Makofi. Vigelegele. Chacha amenigeukia akasema, mura, ndugu yangu, hao dada wapatane. Nimemjibu kwa heshima zote kwamba mimi si mwandishi. Amesema amesikia, na kwamba wapatane.

Sijala vizuri.

Jumatano, 12 Novemba

Msiba.

Tabitha amefika mlangoni kwa Leokadia. Ameinua mkono abishe hodi. Radi! Kwenye anga jeupe, mchana kweupe, radi imeshuka ikampiga, akafa. Radi yenyewe imechorwa vibaya, kama utepe wa sherehe. Leokadia akafungua mlango, akatazama chini, akasema hakusikia hodi. Kipindi kikaisha.

Misimu saba tumesubiri mlango ule ubishwe. Misimu saba!

Nimetembea kutoka kitandani hadi dirishani mara nyingi. Upande mmoja namwona Emiliana akizeeka na kinyongo chake. Upande mwingine naziona mbavu zangu. Nitakuwa mkweli humu, kwa kuwa hakuna anayesoma: nimezitazama mbavu zaidi.

Jumapili, 16 Novemba

Nimesema hivi, na maneno nayanukuu kwa kuwa yalikuwa mazuri: "Tabitha akabisha hodi mara moja tu, na mlango ukafunguka kabla ya hodi ya pili, maana Leokadia alikuwa amesimama nyuma yake tangu alfajiri, akikosa ujasiri wa kutoka."

Chacha alilia. Mtu mzima yule! Amenishika mkono, vidole bado vinauma. Emiliana aliweka upawa mezani, akavua aproni, akatoka na simu yake bila kumtazama mtu. Sahani yangu ilikuwa na paja la kuku. Mapaja mawili.

Kwa dakika kumi nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Dubai.

Kisha akasimama Sulaiman, Mganda, mlinzi wa jumba moja la ghorofa kule Al Jaddaf, ambaye hajawahi kunisamehe kwa kuwa na sauti inayosikilizwa kuliko yake. Amesema kwa adabu ya Kiganda, ssebo, Mwalimu ametuhudumia vya kutosha, naye apumzike. Amepata projekta. Kipindi cha mwisho atakipakua Jumatano, na Jumapili tutakitazama sote kwa macho yetu, kwenye ukuta huu.

Cissy, anayetandika vitanda hotelini, akapiga kelele kwamba hatimaye atauona uso wa Tabitha.

Hataona uso. Ataona kaburi.

Jumanne, 18 Novemba

Nimepanda metro ya kijani hadi Al Jaddaf kumwona Sulaiman zamuni. Nimemweleza kwamba mwanga wa projekta hudhoofisha macho ya wanaofanya kazi juani. Amesema atawapa miwani. Nimemwonya kwamba simulizi ni urithi wetu, na ukuta ni ukuta tu. Amesema urithi wangu unachukua saa mbili, wakati kipindi kina dakika arobaini. Nimemwahidi unaibu wa msimulizi, wadhifa nilioubuni palepale. Ameuliza kama naibu hupata paja. Nimesita. Amecheka.

Kisha akaniuliza kwa nini natokwa jasho, nami nimesimama chini ya kiyoyozi.

Alhamisi, 20 Novemba

Kipindi cha mwisho nilikitazama jana. Miaka kumi na miwili ya maisha yangu! Familia yote, isipokuwa Tabitha, imekusanyika kwenye kaburi la Tabitha. Mzee mfupi analeta lile sanduku. Anafungua kufuli. Anainua kifuniko. Kamera inaonyesha uso wake. Anacheka. Mwisho. Kilichomo ndani hatukuonyeshwa. Niliirushia simu mto, kisha nikaiomba radhi, kwa kuwa ndiyo pekee niliyo nayo.

Lakini leo nimechukua hatua. Sulaiman ameihifadhi projekta kwenye kabati la jikoni, kwa kuhofia vumbi la chumbani. Adhuhuri nimeomba ruhusa kazini, na Emiliana akiwa uani anaanika vitambaa, nimeingia. Nimefungua kabati, nikauona waya mweusi mnene, nikauvuta, nikauficha ndani ya shati. Projekta bila waya wa umeme ni sanduku tu.

Usalama umerejea. Nimeweka waya chini ya godoro.

Ijumaa, 21 Novemba

Haukuwa wa projekta.

Ulikuwa wa lile sufuria kubwa la umeme la wali. Jana jioni watu arobaini walirudi kutoka kazini, hakuna wali. Walikula mkate na dengu. Cissy amesema hata madam wake wa zamani, aliyekuwa akihesabu vitunguu, hakuwahi kuufanyia wali ukatili wa namna hii. Chacha amesimama juu ya benchi akatangaza kwamba mwizi akipatikana, atamvunja vidole kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho. Kisha akajiteua mlinzi wa jikoni. Amelala mlangoni, juu ya gunia, kwa hiari yake.

Sasa siwezi kuurudisha waya, wala siwezi kuufikia ule mwingine. Nalala juu ya waya wenyewe. Nauhisi ubavuni.

Jumamosi, 22 Novemba

Wazo limenijia kazini, kati ya rafu ya radieta na rafu ya taa. Nimerudi kempu na waya mkononi, wazi, kichwa juu, nikamwambia Chacha kwamba baada ya upekuzi mrefu nimepata unaofanana nao ghalani, na kwamba arbab, bosi wangu, ameutoa kwa moyo mweupe. Wamenibeba juu. Kweli, wamenibeba!

Emiliana ameupokea. Karibu na kichwa cha waya pana uzi mwekundu, ambao aliufunga mwenyewe ili waya usichanganywe na mingine. Sikuuona uzi huo hadi alipougusa. Ameutazama uzi. Amenitazama mimi. Ameenda kupika wali.

Nimefunga nguo mbili na mswaki ndani ya mfuko. Kesho nitakaa karibu na mlango. Viatu vya kamba.

Jumapili, 23 Novemba

Naandika, na vidole bado ni kumi.

Walizima taa, wakafunga mapazia. Akatokea mzee mfupi ukutani. Minong'ono: huyu nani? Cissy akasema lazima ni mtunza bustani. Mtunza bustani akaitwa baba. Kisha likaonekana kaburi, na kasisi akasoma jina la Tabitha, aliyepigwa na radi.

Nilikuwa nimeshaushika mfuko. Chacha akasimama, kivuli chake kikaufunika ukuta mzima. Akamwendea... Sulaiman!

Akamuuliza kwa ule upole wake hiki kitu amekitoa wapi. Sulaiman akasema mtandaoni. Chacha akasema hicho ndicho alichokuwa anataka kukisikia. Akauambia umma kwamba yeye ana miaka tisa katika mji huu. Amenunua simu ya kopi, viatu vya kopi, drili ya kopi iliyomfia mkononi siku ya kwanza. Kopi anaijua: jina lilelile, boksi lilelile, ndani takataka. Mtazameni huyo mzee, hata kimo hawakujisumbua kukipima! Na radi gani inashuka bila wingu? Sulaiman aliapa kwa Mungu mara tatu kwamba ndiyo tamthilia yenyewe. Akataka watazame hadi mwisho waone. Wakatazama. Kifuniko kikainuliwa, mzee akacheka, ukuta ukawa mweupe.

Hapo bwalo lilipasuka. Mnaona, alisema Chacha, hata ndani ya sanduku hawakuonyesha, kwa sababu hawana! Kisha, kwa sauti ya hakimu, akasema kwamba mtu pekee humu ambaye kazi yake ni kutofautisha kipuri cha orijino na cha kopi ni Mwalimu. Mwalimu atoe orijino.

Macho themanini. Nilisimama. Mguu mmoja bado ulikuwa nje ya mlango.

Ningeweza kusema kweli. Neno lilikuwa ulimini. Lakini Chacha alikuwa anatabasamu, na mimi huliogopa tabasamu lake kuliko ghadhabu yake. Basi nikawapeleka bomani. Nikamrefusha mzee. Nikamketisha Tabitha, mzima wa afya, bega kwa bega na Leokadia. Kufuli likafunguka, kifuniko kikainuka, na mimi sikuwa na kitu cha kutia ndani ya sanduku. Nikamwona Emiliana amesimama mlangoni pa jikoni.

Nikasema: cherehani.

Emiliana alifunika uso kwa aproni, mabega yakamtikisika. Watu wakaguna kwa utamu. Ningekaa hapo, leo ningekuwa mtu huru. Lakini Chacha akauliza, cherehani ya nani?

Sikujua. Mdomo wangu, bila idhini yangu, ukasema kwamba hilo litaelezwa katika msimu wa kumi na tatu, unaoanza Jumapili ijayo.

Jumatatu, 24 Novemba

Asubuhi Emiliana amenikuta nasubiri chai. Amesema, kwa sauti ya chini, kwamba anajua. Anajua tangu siku ile ya kwanza. Alipompigia Rosina kumwambia kwamba Tabitha na Leokadia wamepatana, Rosina, ambaye naye hutazama, alimwuliza kama Dubai wana kichaa, Tabitha amekufa kwa radi. Wakabishana. Wamebishana saa nzima juu ya Tabitha kabla ya kukumbuka kwamba wao wawili hawasemezani. Tangu hapo wanabishana kila siku. Cherehani itakaa kwa Rosina hadi Krismasi, kisha watazungumza. Jana, kumbe, alikuwa anacheka.

Amesema pia kwamba waya ule aliujua, na kwamba hatamwambia Chacha. Kwa sharti moja. Jumapili nisimame niwaeleze ukweli wote, watacheka tu, na mimi nitalala usingizi kama watu wengine. Sulaiman naye aombwe radhi, maana tangu jana watu wanamwita Kopi. Uongo, amesema, umefanya kazi yake, sasa upumzike.

Maneno ya busara kabisa. Nimeguswa. Nimeapa mbele yake, mkono kifuani.

Nikitoka nimekutana na Chacha getini. Amebadilishana zamu na mwenzake ili Jumapili zote hadi Machi awe huru. Ameuliza kama Mzee Masebo atakufa msimu huu. Nimesema hafi. Ameuliza kama yule mtoto aliyepotea sokoni atapatikana. Nimesema atapatikana. Amenipiga begani, bega limekufa ganzi hadi sasa.

Nimejifungia ghalani, nyuma ya rafu ya radieta, na daftari jipya. Msimu utakuwa na vipindi ishirini na sita. Mtoto anapatikana katika cha pili. Sulaiman nimemtengea nafasi ya daktari mwema, ndiyo radhi yake. Na ukweli nitawaeleza, kama nilivyoapa. Nimeupangia kipindi cha mwisho.