Taji la Oliva

Jumatatu, 5 Mei
Isidori amenunua kamera. Hapa Katesh mpiga picha ni mimi, Basili, na kila mtu anajua. Yeye sasa anasubiri giza, anaacha kamera wazi nusu dakika, anachora hewani kwa tochi, na picha inatoka na maua ya mwanga. Watu wanashangaa. Mimi nawapiga picha za pasipoti miaka yote hii, hajashangaa mtu.

Kibaya zaidi, Oliva fundi cherehani, ambaye nimepanga kumchumbia nikishapata ujasiri, ameomba achorewe mabawa. Makande yamenishinda kula.

Jumatano, 7 Mei
Mpango. Kesho wanapiga picha kwao Oliva, mtaa wa Jorodom, giza likiingia. Nitajificha kwenye mahindi nyuma ya Oliva, kisha niichafue picha yote kwa tochi yangu. Kwenye picha hizo mtu anayekimbia gizani haonekani, mwanga wake tu ndio unabaki. Nimefanya utafiti.

Alhamisi, 8 Mei
Mbwa hakuwemo kwenye utafiti. Nilikimbia huku na huku nimeinua tochi juu, nikiruka matuta. Isidori alikuwa ameinama anachora mabawa, akadhani mbwa anafukuza bweha. Nikaanguka miguuni pa Mzee Akonaay, baba yake Oliva. Nikiwa hapohapo chini nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akauliza natafuta nini. Nikasema mbuzi wangu kapotea. Mzee wa watu akanisaidia kumtafuta mpaka nikaona aibu.

Lakini picha nimeiharibu. Nalala kwa amani.

Jumapili, 11 Mei
Sikuiharibu. Juu ya kichwa cha Oliva kuna taji la mwanga, lina ncha ncha, zuri ajabu. Ni yale matuta niliyokuwa naruka! Baada ya misa watu wamegombania kuliangalia kwenye simu. Konsolata wa kwaya anasema ni baraka. Isidori anapokea sifa, anatabasamu tu. Mwizi mkubwa. Taji langu, jasho langu.

Alhamisi, 15 Mei
Habari njema. Isidori amemwomba Oliva uchumba. Oliva amejibu kwamba achore lile taji tena, ndipo atajua kipaji ni chake kweli. Jana Isidori akajaribu, likatoka kama nyaya za umeme zilizokatika. Jumamosi ni mara ya mwisho. Akishindwa, basi. Mimi ninachotakiwa ni kukaa nyumbani.

Jumamosi, 17 Mei
Nimekaa nyumbani. Lakini je, akibahatisha? Jambo kubwa namna hii siwezi kumwachia Isidori. Nimeazima tochi ya mlinzi wa ghala, inamulika mpaka kijiji cha pili. Leo namharibia kabisa.

Jumapili, 18 Mei
Taji la jana limelizidi la kwanza. Mbwa walikuwa wawili. Oliva amelia kwa furaha na amekubali mbele ya wazazi wake.

Harusi ni Agosti. Isidori anataka picha kubwa, yeye na bibi harusi wamesimama gizani. Ajaribu aone. Nimeshaanza kuulizia taa ya trekta.