Mgonjwa Wangu wa Magurudumu Manne

Jumatatu, 7 Julai 2025

Gari limekufa! Sijaonja kitu tangu asubuhi, ukiacha chai, viazi na maharage ya jana.

Ilikuwa hivi. Jana baada ya misa, mama Gaudiosa, mjane jirani yangu, aliniomba nimpelekee kahawa yake mbivu mtamboni ikamenywe. Nikamwamkia kwa heshima zote, kisha nikamwambia gari liko gereji Mbinga, injini inachemsha. Uongo mtupu. Gari lilikuwa zima kuliko mimi. Lakini ukibeba gunia la mmoja, kesho kijiji chote cha Maguu kiko mlangoni. Jioni nikalificha nyuma ya migomba, mteremkoni, juu ya shamba. Gia nadhani niliweka.

Asubuhi lilikuwa chini kabisa, kwenye ngolo, yale mashimo tunayochimba shambani kuzuia maji ya mvua, matairi juu. Avelina, mke wangu, akauliza gari la gereji limefikaje shambani. Nikasema fundi kalirudisha mapema. Akauliza kama ni fundi huyo aliyeliegesha kichwa chini.

Nashukuru nina bima kubwa. Ila tarehe tisa Agosti shemeji Mansuetus, kaka yake Avelina, anaozesha binti yake kule Ngumbo, kando ya ziwa, na mimi ndiye niliyeahidi kumbeba bibi harusi. Mbele ya ukoo mzima! Nikikosa gari atabebwa na Rogasian, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisani, yule anayemwazima kila mtu gari lake mpaka linanuka dagaa. Afadhali nife mimi.

Alhamisi, 10 Julai

Mtu wa bima kafika kutoka Songea. Kijana mpole, viatu vinang'aa. Kimoja kimebaki kwenye ngolo.

Akasema gari halitengenezeki, kampuni italichukua na kunilipa thamani yake kama lilivyokuwa kabla ya kuanguka. Moyo ukaruka! Nikamwambia lilikuwa halijui hata kukohoa. Akauliza kama majirani wanaweza kusema hivyo. Nikajibu aulize yeyote. Sijui ni shetani gani aliyenisukuma.

Wakaja mbio kunisaidia. Mama Gaudiosa alisema, machozi yakimlenga, kwamba gari lile liliteseka mno: alipofiwa na mume halikuwa na klachi, Pasaka halikuwa na breki, na kila msimu wa kahawa huchemsha. Rogasian akaongeza kwamba jumuiya imekuwa ikiliombea, na nia ile husomwa kila wiki baada ya wagonjwa. Wanaombea gari langu! Sikujua, maana jumuiya siendi.

Kijana akaandika yote. Nikamkanyaga mama Gaudiosa mguu. Akanipa pole.

Baadaye nimeelewa. Alidhani bima ni kama rambirambi, kwamba ukieleza mateso vizuri unaongezewa.

Ijumaa, 25 Julai

Fedha imeingia. Nusu ya nilichotegemea! Nimemwendea Rogasian kwa siri, aende Songea akaseme kwamba alikosea. Akasema hawezi, yeye alisema alichosikia kinywani mwangu. Kisha akanisindikiza mpaka nyumbani kwa gari lake. Simpendi kabisa mtu huyu.

Jumamosi, 2 Agosti

Nimenunua kirikuu! Mbele watu wawili, nyuma bodi wazi. Cheupe, injini inaimba. Nimepandisha nacho Maguu watu wakatoka kushangilia, mama Gaudiosa akapiga vigelegele. Hapo ndipo nilipoingiwa na wasiwasi.

Mansuetus kwenye simu alikubali bibi harusi akae mbele na wapambe nyuma kwenye viti. Alicheka muda mrefu kuliko inavyostahili.

Jumanne, 5 Agosti

Mama Gaudiosa kaja. Ati ni magunia mawili tu ya kahawa, bodi iko wazi, hakuna viti vya kuchafuka. Nikatafuta sababu, nikakosa. Mdomo ukajisemea wenyewe: giaboksi imekufa, nasubiri kipuri.

Akaondoka kichwani na ndoo ya kahawa. Baadaye akaniletea mkungu wa ndizi kunifariji. Ndizi tamu sana.

Alhamisi, 7 Agosti

Wakala wa bima alikuwa aje leo kukikagua kirikuu anikatie bima kubwa. Hakufika. Mama Gaudiosa alikutana naye njiani, akamsihi anivumilie kwa sababu giaboksi ni mbovu. Akageuza pikipiki. Mwanamke huyu ataniua kwa huruma!

Jumamosi, 9 Agosti

Harusi.

Asubuhi nilikwisha kufunga riboni kwenye kirikuu. Kumbe Rogasian alishampigia Mansuetus kumweleza kwamba gari langu linaumwa, asihatarishe mtoto kwenye zile kona za kushuka ziwani. Akafika na gari lake, mama Gaudiosa ndani, shada la maua kwenye boneti.

Avelina, ambaye anajua kila kitu, akaniuliza mbele yao wote kama nitaendesha. Wakanitazama. Nikiwasha tu, injini itaimba! Nikasema giaboksi. Rogasian akanisihi nibanane nyuma na mbuzi wa zawadi. Nikasema namsubiri fundi.

Fundi gani? Nimekaa kizingitini peke yangu siku nzima. Jioni Avelina katuma picha: bibi harusi anashuka kwenye gari la Rogasian, Mansuetus kamkumbatia Rogasian kama ndugu wa tumbo moja. Nimelia. Nilimwahidi yule mtoto tangu akiwa darasa la tatu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri sana, na kosa langu nimeliona. Giaboksi ni ugonjwa mzito mno. Mtu mwenye akili huchagua ugonjwa mdogo, unaopona wenyewe siku ya harusi.

Mama Gaudiosa kapita kuuliza hali ya mgonjwa. Nimemwambia giaboksi imepona, tumshukuru Mungu. Sasa ni breki tu. Akasema Jumapili watasali.

Jioni nimekipeleka kirikuu nyuma ya migomba, asije akakiona kikitembea vizuri. Ni pale pale mteremkoni, hakuna pengine. Gia nadhani niliweka.